Sumaku na Puti

Malugu alikuwa akipitisha sumaku juu ya bodi ya gari kuukuu alilotaka kulinunua. Alikuwa ameifunga kwa leso ili isichubue rangi, na kila ilipogusa bati iling'ang'ania.

Mwenye gari, Bi Semeni, aliegemea ubavu wa nyuma, pale ambapo kutu ilikula bati na fundi akaziba kwa puti, isiyonaswa na sumaku. Gari lisipouzika leo, kesho mashemeji watalichukua pamoja na vitu vyote vya marehemu mumewe.

"Sogea kidogo, dada."

"Kwani unanunua gari au unalipima homa?"

Malugu alicheka, lakini hakuondoka. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, akajifunga mkanda.

"Mimi na mtoto tutakaa huku," alisema, akiuvuta mkanda kwa nguvu.

Mkanda ule ulishikiliwa na bati lilelile lililooza.

Bi Semeni alisogea.

"Weka hapa, kaka," alisema. "Kisha uiachie."

Malugu aliiachia. Sumaku ilianguka vumbini, na hakuna aliyeinama kuiokota. Nyuma ya kioo, mkewe aliendelea kutabasamu, kiganja kikiwa juu ya tumbo.