Mwenyekiti Mwonja Mayai

Maji yalikuwa yamemfika Kanga shingoni. Ushirika wa wataga mayai ulikuwa na sheria kongwe: yai lisiende sokoni kabla Mwenyekiti hajalionja. Na Mwenyekiti alikuwa Kenge, ambaye kuonja kwake ni kumeza. Kwale alishakata tamaa ya kutaga. Bata alitaga vichakani kama mwizi.

Mkutanoni Kanga akasimama, manyoya yamemtutumka. "Sheria hii inatuua! Nani ahangaike ili wewe ushibe? Na umo humu chamani kwa lipi, hata kutaga hutagi?"

Kenge akacheka. "Nani kakwambia sitagi, shoga? Mayai yangu yamo kwenye kichuguu kile."

Kanga akaenda, akayafukua, akayapanga mbele ya kiti cha Kenge. "Haya, Mwenyekiti. Onja."

Kenge akaruka kutoka kitini. "Lakini haya nimeyahangaikia mimi!"

"Na yetu tuliyaokota?"

Sheria ikafutwa palepale, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Kenge. Tangu hapo kila mtagaji anauza chake. Bata ametoka vichakani, na Kwale ana kibanda sokoni.

Kenge naye, bila haya, huwaambia wageni kwamba mageuzi yale aliyaanzisha yeye.