Vifungo vya Fundi

"Kibali cha kumfuata mumeo kwa njia ya ndoa ni cha haraka, mama," wakili alimwambia Bibi, "ila mtahojiwa kila mmoja peke yake. Njia ya kuombewa kibali na mtoto wenu aliye huko haina mahojiano, lakini ni ndefu."

Kwenye simu ya video, mumewe alicheka huko ughaibuni. "Ya ndoa! Nani atanishinda kumjua mke wangu?"

Bibi hakucheka; alimtazama mzee wake kwenye kioo cha simu. Fundi cherehani mzima, na leo kifungo cha kwanza cha shati lake kimeingia tundu la pili, kola imepanda hadi sikioni.

"Basi tuseme ya ndoa?" wakili akauliza.

Bibi akaisogeza simu usoni pake. Mzee akasogea karibu na kioo, akamkazia macho.

"Samahani, dada," akasema kwa adabu, "hebu niitie mke wangu. Yeye ndiye wa kuamua."