Kichwa cha Mkizi

Samaki wa leo naye hakuwa na kichwa.

Khole alimgeuza juu ya ubao, akamtazama pale shingoni palipochanika. Huyu kakatwa na mtu asiyejua kushika kisu, au mwenye haraka zake. Mgongoni alikuwa na vitundu, kama vya ndoano iliyomkosakosa. Khole alikunja pua, akampaka chumvi na ndimu.

"Kichwa kiko wapi?" alimwuliza mumewe.

"Nimewapa paka huko pwani," alisema Harub, akaenda zake kunawa.

Paka, eti. Kwa kina Khole, tangu walipokuwa Unguja, mume humwachia mkewe kichwa cha samaki, na Harub alilishika hilo toka siku za fungate. Hata wakinuniana wiki nzima, kichwa kilikuwa kinasogezwa upande wake wa sinia bila neno, naye anafyonza macho na mashavu mpaka mfupa unabaki mweupe. Kisha bwana akastaafu ofisini Muscat, wakahamia Ras al Hadd, akajigamba mbele ya ndugu wote kwamba sasa atamlisha mkewe kwa mshipi wake mwenyewe. Walimcheka, mtu aliyeshika kalamu tu maisha yake. Mwanzoni alirudi na ndoo tupu na pua iliyobabuka kwa jua. Halafu ghafla samaki kila siku, na wote hawana vichwa.

Khole hakuhitaji kuambiwa. Mahali fulani pwani hii yuko mwanamke anayefyonza vichwa vyake.

Alipanda darini akakaa na darubini aliyoachiwa na Shatha, binti wa kaka yake, ambaye kazi yake ni kuhesabu ndege. Ng'ambo ya hori, juu ya mlingoti wa zamani, furukombe, wale tai wavuvi, walikuwa wameatamia na vifaranga viwili vimetoka. Jike hakai mbali na watoto wakiwa wadogo. Kuvua ni kazi ya dume. Na dume siku hizi haleti kitu. Kifaranga kikubwa kilikuwa kinamdonoa mdogo wake utosini, tena na tena, mpaka mdogo analaza shingo, nzi wanamtambaa machoni. Mama mtu anatazama tu, mdomo wazi kwa njaa. Khole hakuweza kuiweka darubini chini.

Kilichomtia kinyaa zaidi ni yule baba. Alimwona kwa macho yake akijitupa majini, akaibuka na samaki, akapotelea nyuma ya kiwanda cha barafu. Alipotokea tena, kucha tupu.

Shatha alipopita alasiri, Khole alimweleza yote.

"Dume anaonja kwanza yeye, shangazi, halafu kinachobaki analeta kwa mama," alisema Shatha. "Labda huyu anayo nyumba nyingine. Wako wengine wana wake wawili, wallahi, tumewaona. Lakini akiendelea hivi, yule mdogo hafiki kesho kutwa."

Wake wawili. Mengine Khole hakuyasikia. Aliteremka akapakua mkizi wa kupaka, akakaa kuula huku akimwangalia Harub anavyotafuna kwa raha, ndevu zinang'aa mafuta, na akamwona mchafu kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu. Samaki mwenyewe alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuudhi. Alijikuta anaramba vidole.

Asubuhi yake, Harub alipoondoka na ndoo, Khole alimpigia simu Shatha aje amchukue kwa gari. Alisema anataka kuiona hiyo nyumba ya pili ya furukombe. Hakusema kwamba mumewe naye hushika njia hiyo hiyo ya kiwanda cha barafu. Njiani alijipangia maneno atakayomwambia huyo mwanamke, akayapanga upya, na kila alivyoyapanga yalizidi kuwa machafu.

Gari la Harub lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta wa kiwanda, halina mtu. Khole aliteremsha kioo. Aliangaza huku na huku kutafuta mlango, dirisha, hata nguo ya kike kwenye kamba. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mchanga, mashua mbovu iliyolala ubavu, na nguzo moja ya taa iliyokula kutu.

"Yule pale, dume letu," alinong'ona Shatha.

Juu ya nguzo furukombe alikuwa amemkandamiza mkizi, kucha zimezama mgongoni, na samaki bado anapiga mkia. Alianza na jicho. Kisha shavu. Akachana, akameza, damu ikichuruzika kwenye nguzo, mpaka kichwa chote kikaisha. Sehemu iliyobaki hakuigusa. Aliigeuza vizuri kwenye kucha, akafungua mbawa, akaelekeza mdomo kule kwenye mlingoti.

Hapo nyuma ya mashua akachomoka mtu mwenye kofia na kanzu, anagonga bati kwa fimbo kama mwendawazimu. Ndege alishtuka, kucha zikaachia, samaki akaanguka mchangani. Mtu yule alimkimbilia, akampangusa kwa ncha ya kanzu, akamtia ndooni.

"Shangazi," alisema Shatha taratibu, "huyo si ami Harub?"

Khole alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anatapika.