Bango la Sebuleni

Esnath alimkuta kaka yake amepanda juu ya stuli, anabandua bango la katuni ya zamani waliyoipenda utotoni, ya mbogo na ndege mweupe rafiki yake.

“Kaka, unafanya nini?”

“Wazee wa kanisa wanakuja kumuaga marehemu mama. Jina la Hasina, la Kiislamu, halikai ukutani kwetu leo.”

Chini ya mbogo Esnath alikuwa ameandika jina lake akiwa darasa la tatu. Chini ya ndege alikuwa ameandika Hasina, shoga yake, binti wa muuza vitenge wa Tukuyu. Wino wa bluu ulikuwa umefifia, ila majina yalisomeka.

Hasira zikampanda Esnath.

“Hasina ndiye aliyemwogesha mama miezi minne! Akamkata kucha, akamlisha uji kwa kijiko. Wewe ulikuwa Mbeya unatuma salamu!”

Kaka yake alivuta tu, karatasi ikachanika kwenye shingo ya mbogo.

Esnath akampokonya bango. Akatoka nalo hadi uani, ambako Hasina alikuwa akimenya ndizi na wanawake wengine, akamshika mkono uliojaa utomvu.

“Inuka, dada. Unakaa mbele, na sisi watoto wake.”