Kijiwe cha Kombo

Tabibu Shekue alikuwa akinoa kisu chake aliposikia hodi. Aliingia Mwanaheri, mjane wa Kombo mshona viatu, aliyefariki siku tatu baada ya kupasuliwa kibofu na kutolewa kijiwe.

"Nimekuja kuchukua kijiwe cha mume wangu," alisema.

Tabibu alikitoa kwenye kasha. Kilikuwa cha rangi ya udongo, kikubwa kama kungumanga. "Hiki ndicho kilichomtesa miaka sita, bibi. Cha nini tena?"

"Hatukujaaliwa mtoto. Sina kingine kilichotoka mwilini mwake."

Tabibu aliinamisha kichwa. "Watu wanne walimshika nikampasua. Katikati ya maumivu aliuliza kama uko mlangoni."

"Nilikimbilia kisimani nisisikie mayowe yake," alisema Mwanaheri. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia upo. Akatulia, nikamaliza kazi."

Mwanaheri alikipokea kijiwe kwa mikono miwili. Alitoka nacho, lakini hakufika mbali. Aliketi pale pale kizingitini, akakifumbata kifuani. Kilikuwa baridi. Akaanza kukipulizia pumzi, taratibu, kama apashaye joto vidole vya mtu aliyenyeshewa njiani.