Kijiko cha Mheshimiwa

Hakimu alikohoa, akachomoa chupa yake ya dawa, na Patroba akaitambua kutoka kizimbani.

Ilikuwa chupa ya bia iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Yeye mwenyewe aliijaza asubuhi ile kule zahanati alikokuwa mgawa dawa, huku akikariri maneno ya kujitetea.

Na sasa hivi tu alikuwa ameapa mbele ya umati wa Kakamega kwamba, tangu siku za Mzungu hadi Uhuru, hajawahi kukosea dawa ya mtu. Katekista wa Iguhu, aliyemshtaki, aliguna. Aliomba dawa ya kikohozi, akapewa ya kuharishisha, akamalizia ibada ya Jumapili chooni.

Hakimu alimimina kijiko. Dawa ya kikohozi ni nyeusi tititi. Hii ilikuwa nyeupe pepepe.

Aseme ajifunge, au anyamaze? Patroba alimeza mate. Hakimu alimeza dawa, akalamba kijiko, akaongeza cha pili.

"Mheshimiwa, naomba kesi iahirishwe."

"Kwa sababu gani?"

Patroba alipima kwa macho umbali wa kutoka kiti cha hakimu hadi chooni.

"Sababu inakuja, mheshimiwa. Wewe anza tu kutembea."