Alama ya Joto

Kyakimwa alifungua sanduku la chanjo ya polio akakuta maji ya vuguvugu. Kwenye bariere, kile kizuizi cha njia ya Manguredjipa, askari walikuwa wamemzuia juani siku tatu, wakachukua barafu yote wapoze bia. Aliona haya kuwakataza.

Alitoa chupa. Muuguzi aliyemtuma alijua kwamba Kyakimwa hakumaliza shule, kwa hiyo alimfundisha jambo moja tu: aangalie kile kipande cheupe katikati ya duara la zambarau kwenye lebo ya chupa. Joto hukibadilisha rangi. Kikifanana na duara, dawa imekufa.

Akaigeuza kwenye mwanga. Kipande hakikuonekana tena. Duara lote lilikuwa zambarau. Ya pili, hivyo hivyo. Ya mwisho pia.

“Eh, docteur, uko unachagua chupa sawa vile mutu anachagua bwana?” mama mmoja mbele ya mstari wa chanjo alimtania, na mstari mzima ukacheka. “Fanya mbio! Basoda na bunduki yabo balisimamisha vita leo tu, juu ya chanjo. Kesho masasi inaanza tena.”

Mama huyo alikuwa ameshamminya mtoto wake mashavu. Mdomo ulikuwa wazi kama wa kinda, ukisubiri matone mawili.

 Kyakimwa akanyoosha kidole, akaufunga taratibu mdomo wa mtoto.